Dondoo muhimu: Setilaiti ikuongoze, macho yako yathibitishe

GPS hukuonyesha ulipo lakini haikuonyeshi kilicho chini ya maji. Unapovuka kati ya Dar es Salaam na Unguja, itumie pamoja na maarifa ya manahodha wa pwani.

1. Panga njia kwenye ramani ya bahari kabla ya kung'oa nanga. Mstari ulionyooka kwenye skrini huweza kupita juu ya mwamba.
2. Jua majira ya maji: wakati wa bamvua, Unguja, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufikia takriban mita 4.
3. Pima kwa dira alama mbili za nchi kavu, mfano mnara wa taa wa Chumbe. Zisipolingana na skrini, punguza mwendo.
4. Pita penye miamba jua likiwa juu na nyuma yako. Maji ya kahawia au kijani hafifu ni dalili ya kina kifupi.
5. Tupa bildi unapokaribia ufuko. Mchanga huhama, na ramani huchakaa.
6. Weka simu, spika na vyuma mbali na dira; huvuta sindano yake.
7. Andika saa, mwelekeo na mahali ulipo kila nusu saa. Skrini ikizima, utaanzia hapo.
8. Beba betri ya akiba kwenye mfuko usiopitisha maji.

Ukiwa na shaka, usiingie: ngoja penye kina kirefu hadi kupambazuke. Kuchelewa si hasara, roho za abiria ni amana yako.