SOMO LETU: Malkia Eleni, Mke Aliyetoka Nje



Katika maboma yetu, mwanamke aliyeolewa kutoka kabila lingine mara nyingi huambiwa, "Wewe nyamaza, wewe ni wa kuja tu." Anajenga nyumba, anachota maji, anakamua mbuzi, lakini kwenye mashauri hakuna anayemsikiza. Hebu leo tumwangalie mama mmoja wa nchi jirani ya Ethiopia.

Eleni alizaliwa Hadiya, katika karne ya 15. Baba yake alikuwa mtawala wa huko. Watu wa Hadiya walikuwa Waislamu, nao walilipa kodi kwa mfalme Mkristo wa Ethiopia. Mfalme huyo, Zara Yaqob, aliyetawala mwaka 1434 mpaka 1468, alimwoa Eleni. Ndoa hiyo iliunganisha pande mbili, kama vile wazee wetu nao wanavyojua kwamba ukweni hutuliza vita. Eleni akawa Mkristo.

Mume akafa. Je, Eleni alirudishwa kwao? Hapana. Mfalme mpya, Baeda Maryam, alikuwa amefiwa na mama yake mzazi, basi akampa Eleni heshima ya mama wa mfalme. Wafalme wakapita, Eleni akabaki. Mwaka 1508 alitawazwa Lebna Dengel, mtoto wa miaka kumi na kitu. Nani ataangalia nchi? Kumbe ni yule yule wa kuja! Eleni, sasa mzee, akaongoza pamoja na wakubwa wengine.

Aliona hatari baharini, kwa sababu meli za mataifa makubwa zilikuwa zinagombania Bahari ya Shamu. Mwaka 1509 alimtuma Mateus, mfanyabiashara, apeleke barua kwa mfalme wa Ureno. Alieleza wazi: watu tunao, chakula tunacho, lakini meli hatuna. Mateus alishukiwa kuwa mpelelezi, akateswa njiani, akafika Lisbon mwaka 1514. Wajumbe wa Ureno walifika Ethiopia mwaka 1520.

Eleni alikufa miaka michache baadaye, na padre Francisco Álvares, aliyekuwa na wajumbe hao, aliandika jinsi wakubwa kwa wadogo walivyomlilia. Vita vikubwa vilianza mwaka 1529, na nchi karibu iangamie. Mwaka 1541 askari kama 400 wa Ureno walikuja kusaidia. Njia ile aliifungua Eleni, naye hakuiona faida yake.

Basi tusimpime mtu kwa mahali alikozaliwa. Na tukiomba msaada, tuseme kwanza tulicho nacho, halafu tunachokosa.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Katika boma lako kuna mama aliyetoka kabila lingine? Shauri lake husikizwa?
2. Mama kama huyo anaweza kusaidia vipi amani na kwao alikozaliwa?
3. Kikundi chetu kina nini tayari, na kinakosa nini?