Kabla Kiwanda cha Sukari Hakijazimwa

Masika yakikaribia, malori ya miwa huanza kukwama mashambani, na viwanda vya sukari vya Morogoro kama Kilombero na Mtibwa husimamisha usagaji ili mitambo itengenezwe kabla ya msimu mpya. Wengi huhesabu matengenezo kuanzia siku hiyo ya kuzima. Kwa maoni yangu, ikifika siku hiyo na nusu ya kazi haijafanyika, mmeshachelewa.

Mtambo hueleza ugonjwa wake ukiwa unafanya kazi. Mvuke unaovuja kwenye gasketi leo unaonekana kwa macho; boila ikipoa, hakuna atakayekumbuka ulikuwa unavujia wapi. Kwa hiyo pita mapema na kopo la rangi, weka alama kila penye uvujaji na uandike kwenye daftari. Pima joto na mtetemo wa beringi za vinu, na umeme unaovutwa na kila mota kubwa. Kisha kaa na vijana wa zamu ya usiku, maana wao ndio wanaoijua ile pampu isiyowaka mpaka igongwe, jambo ambalo halijawahi kuandikwa kwenye ripoti yoyote.

Orodha hiyo ndiyo inayoagiza vipuri. Beringi na vali kubwa nyingi hutoka nje ya nchi, na safari ya meli, bandari na forodha haiharakishwi na hasira za meneja. Kipuri kikifika, fungua boksi, upime kwa kalipa na ulinganishe na mhimili wenyewe. Tanzania, boila hukaguliwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, kwa hiyo panga tarehe mapema na mkaguzi wa OSHA, wakala unaosimamia sheria hiyo, usije ukamaliza kazi ukabaki unamsubiri.

Siku ya kuzima, boila isiharakishwe. Maliza miwa iliyo kwenye mkanda, choma makapi yaliyobaki kwenye njia ya kulishia tanuru, kisha punguza moto taratibu. Presha ikikaribia sifuri, fungua koki ya hewa ya juu. Usipofanya hivyo, mvuke unaopoa utageuka maji na kuacha ombwe ndani. Wapo wanaomwaga maji ya boila wakati kuta za tanuru zingali na moto mkali, ili wawahi kuingia. Matokeo yake tope lililomo huokwa juu ya mabomba likawa gumu, na kulikwangua huchukua muda mrefu kuliko ule waliodhani wameuokoa. Subiri ipoe, mwaga maji, halafu osha kwa mpira wa presha papo hapo kabla tope halijakauka.

Matangi ya maji ya miwa na ya molasi yanatisha zaidi, na hayana dalili. Masalia ya sukari yakikaa siku chache huchacha na kutoa kabonidayoksaidi, gesi nzito kuliko hewa, isiyo na harufu ya kumshtua mtu. Hutulia chini kabisa, pale fundi anapoteremka kwa ngazi. Osha tangi mara tu linapomwagwa, lipulizie hewa, kisha pima oksijeni juu, katikati na chini. Hewa ya kawaida ina karibu asilimia 20.9, ikiwa chini ya 19.5 asiingie mtu. Mlangoni abaki mlinzi asiye na kazi nyingine, na mtu akianguka ndani, mlinzi huyo aite waokoaji wenye vifaa vya kupumulia, asimfuate.

Kwenye umeme na mvuke, kila fundi aweke kufuli lake kwenye swichi au vali, ufunguo ukae mfukoni mwake, na ajaribu kuwasha mtambo kabla hajaushika, ahakikishe hauwaki. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, vali ya usalama ya pampu moja ilikuwa imetolewa kwa matengenezo. Zamu ya usiku haikupata habari hiyo, pampu nyingine ilipokwama wakaiwasha ile. Gesi ikavuja na kulipuka, watu 167 wakafa. Kwa hiyo zamu zinapopokezana, makabidhiano yafanyike mbele ya mtambo wenyewe, vibali vya kazi vikiwa mkononi, na anayeingia aoneshwe kwa kidole kila kilichofunguliwa.