Vifaranga Wapya na Mtoto Mdogo Nyumbani



Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja huzaa sana, na unaofuata hupumzika. Kwa hiyo wengi wetu, karafuu zikishauzwa, hununua vifaranga ili mwaka wa uhaba pawe na mayai ya kuuza. Jambo hilo ni jema. Lakini nyumba nyingi zina mtoto mdogo, naye akimwona kifaranga humtaka mkononi. Somo letu ni namna ya kuwalea wote bila ya mmoja kumdhuru mwenziwe.

Madhara yako wapi?
Kifaranga mzima, mchangamfu, aweza kuwa na vijidudu viitwavyo salmonela katika mavi yake na hata katika manyoya, na yeye mwenyewe asiumwe. Mtoto akimshika, kisha akatia vidole kinywani, vijidudu humwingia. Baina ya saa 6 na siku 6 huanza kuhara, tumbo likamsokota na homa ikampanda. Mtu mzima mara nyingi hupona mwenyewe, bali mtoto mdogo hukaukiwa maji upesi, na aweza kufa. Basi usiseme, "Vifaranga wangu ni wazima, hawana kitu."

Mahali pao
Usiwaweke jikoni wala chumba cha kulala. Wafanyie kibanda nje, na komeo liwe juu, asipofika mtoto. Funika kwa wavu, kwani kunguru na paka hawangoji. Chini tandaza maranda ya mbao yaliyo makavu, na palipolowa pabadilishwe upesi.

Joto
Wiki ya kwanza wanataka joto la digrii 32 hadi 35. Kisha lipunguze digrii 3 hivi kila wiki. Kama huna kipimajoto, watazame wenyewe. Wakijikusanya chini ya taa, wanaona baridi. Wakiikimbia na kutweta, joto limezidi. Wakitawanyika na kula, wametulia. Taa ya umeme itundikwe kwa mnyororo madhubuti, mbali na maranda, na waya wake usifikiwe na mtoto. Jiko la mkaa lisitiwe katika chumba kilichofungwa. Hewa yake huua watu na kuku.

Mikono na vyombo
Kila aliyewahudumia anawe kwa maji na sabuni kabla ya kumshika mtoto au chakula. Awe na ndara za bandani, asiingie nazo nyumbani. Vyombo vya kuku visioshwe pamoja na vyombo vya kulia. Mtoto aliye chini ya miaka 5 asiwashike vifaranga wala asiwabusu. Na awatazame akiwa amepakatwa, nje ya wavu. Hivyo na wao husalimika, kwani mtoto humkaba kifaranga kwa mapenzi.

Wakati wa kuchuma, wazee wako shamba na mtoto huachiwa dada yake. Basi huyo dada ndiye wa kufundishwa kwanza.

Mtoto akiharisha
Mpe maji ya dawa ya chumvi na sukari ya pakiti, wala usimwachishe kunyonya. Mpeleke kwa daktari, umwambie kuwa nyumbani mna vifaranga. Ukiona damu, homa kali, macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, usingoje asubuhi.

Mwisho, mwulize mtaalamu wa mifugo habari za chanjo ya kideri ya tone la jicho. Ugonjwa huo ukiingia hufagia banda zima, na fedha za karafuu zikenda nao.

Maswali ya kuzungumza nyumbani
1. Kifaranga mchangamfu awezaje kumtia mtoto maradhi?
2. Vifaranga wakijikusanya chini ya taa, wanakwambia nini?
3. Nani kwako humwangalia mtoto wakati wa kuchuma, naye amefundishwa nini?