Pikipiki Yako, Mikono Yako: Huduma ya Nyumbani kwa Anayeanza

Katika stendi za boda boda mjini Namanga, vumbi ni sehemu ya kazi. Barabara kuu ya kupitia Bisil hadi Kajiado na Kitengela ni ya lami, lakini abiria wengi huteremkia mbali nayo. Mwendeshaji akishika njia ya Meshanani kuelekea Amboseli, vumbi huingia kwenye cheni, filta ya hewa na breki. Pikipiki inayotembea kilomita 80 kwa siku humaliza kilomita 2,000 kwa siku 25 tu. Anayesubiri hadi iharibike hupoteza siku ya kazi, na breki zikikataa, huhatarisha maisha yake na ya abiria.

Kazi zifuatazo zinaweza kufanyika nyumbani kwa spana chache, beseni, brashi na kitambaa. Injini iwe imezimwa na pikipiki isimame imara kwenye stendi kubwa.

1. Oili. Washa injini dakika tatu hivi ili oili iwe nyepesi, kisha uzime. Weka beseni chini na ufungue nati ya kumwagia oili, jihadhari isikuchome. Ikiisha kutiririka, rudisha nati kwa mkono kwanza, ndipo ukaze kwa spana bila kulazimisha. Nyuzi zikikatika, oili itavuja. Mimina oili mpya ya aina na kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Washa kidogo, zima, ngoja dakika chache, kisha pima pikipiki ikiwa wima.

2. Filta ya hewa. Ya sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa na kukaushwa kivulini, kisha hupakwa oili kidogo. Ya karatasi haioshwi. Hukung'utwa, na ikijaa uchafu hubadilishwa. Filta iliyoziba huifanya injini inywe petroli zaidi na kukosa nguvu mlimani.

3. Cheni. Isafishe kwa brashi na mafuta ya taa, kamwe si petroli, ambayo hushika moto kwa urahisi. Ipanguse, kisha uipake oili. Usiguse cheni injini ikiwa inanguruma; vidole hunaswa. Ibonyeze katikati, upande wa chini: kwa pikipiki nyingi za boda, mchezo wa sentimita 2 hadi 3 unatosha. Ukikaza, legeza nati ya ekseli ya nyuma, zungusha vikazio vya pande zote mbili kwa kiasi sawa, kisha ukaze nati tena.

4. Breki. Gurudumu la nyuma likisogezwa ili kukaza cheni, breki ya nyuma nayo hubadilika. Irekebishe upya, kisha uzungushe gurudumu kwa mkono: linafaa kuzunguka bila kukwama. Jaribu breki zote mbili kwa mwendo wa polepole kabla ya kubeba mtu.

5. Magurudumu na taa. Pima upepo asubuhi, kabla tairi hazijapata joto. Angalia kama kuna miiba, nyufa au taa iliyokufa.

Oili chafu isimwagwe. Ikimwagwa chini au kwenye lugga, mvua ya kwanza huisomba hadi kwenye visima na mabwawa yanayonywesha watu na mifugo. Ihifadhi kwenye mtungi wenye kifuniko na uipeleke kwenye gereji inayokusanya oili iliyotumika.

Wakati wa kumwona fundi. Injini ikigonga, moshi wa samawati ukitoka, klachi ikiteleza au breki ikilegea hata baada ya kurekebishwa, usijaribu kufungua mwenyewe.

Mwisho, weka daftari dogo. Kila unapobadilisha oili, andika tarehe na kilomita zilizosomwa kwenye mita. Daftari hilo litakukumbusha huduma inayofuata, na siku ukiamua kuuza pikipiki, litamwonyesha mnunuzi jinsi ilivyotunzwa.