Maji ya Juu na Maji ya Chini

Katika baadhi ya ghuba za Ziwa Victoria maji hugeuka kijani mithili ya mchuzi wa mchicha, na siku nyingine samaki huonekana wakielea matumbo juu. Mara moja watu humlaumu mvuvi haramu mwenye sumu. Sumu hutumika kweli, sikatai. Lakini mara nyingine ziwa lenyewe ndilo liuwalo, nami napenda kuwaeleza wasomaji jinsi lifanyavyo.

Maji ya joto ni mepesi kuliko ya baridi. Asiyesadiki na afanye kama tulivyofanya sisi maabarani. Tulitia maji ya baridi katika chombo cha kioo mpaka nusu, tukaeleza kibao chembamba juu yake, kisha tukamimina polepole juu ya kibao maji ya moto yenye wino. Wino ulikaa juu, mpaka wake ukaonekana wazi kama mstari wa rula. Tukapuliza kwa mdomo: maji ya juu yakazunguka, ya chini hayana habari.

Ziwa nalo ni hivyo hivyo, jua likiwa ndilo jiko. Tena sisi wa nchi za joto tuna jambo letu la pekee. Maji yakipanda kutoka nyuzi 4 hadi 5 za Sentigredi hupungua uzito kidogo mno. Lakini kutoka 24 hadi 25 hupungua takriban mara 30 kuliko hapo. Kwa hiyo tofauti ya nyuzi moja au mbili yatosha kuligawa ziwa letu tabaka mbili.

Sasa waingia mwani, yaani vimea vidogo mno. Mwani uitwao diatomu una gamba la silika, ni mzito. Maji yakitulia huzama gizani. Ule wa kijani-buluu, ambao kwa hakika ni bakteria, una vifuko vya gesi, huelea kama boya. Basi ziwa likitulia, huu wa pili ndio unaofaidi. Nao ukishatanda, hunyonya joto la jua palepale juu na kuyatilia kivuli maji ya chini, hata tabaka zikazidi kutengana. Ni kama mgeni aliyeingia chumbani akafunga mlango kwa ndani.

Mwani ukifa huzama na kuoza, na kuoza hula oksijeni. Maji ya chini hayapati nyingine, kwani yamefunikwa. Tope lisilo na oksijeni nalo huachia fosforasi, ambayo ni mbolea ya mwani. Kisha, kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi hulipoza ziwa na kulikoroga, maana kina chake hakizidi sana mita 80. Mbolea hupanda juu, mwani hustawi upya. Na pale maji yasiyo na oksijeni yasukumwapo ghubani kwa ghafula, samaki hukosa pumzi.

Mtaalamu J. F. Talling alilipima ziwa hili mwaka 1960 na 1961. Waliopima miaka thelathini baadaye walikuta ukosefu wa oksijeni umepanda juu zaidi na hudumu zaidi, na mwani umeongezeka. Udongo wa mashamba na maji machafu ya miji vilikuwa vimeongeza mbolea.

Huenda msomaji akauliza, je, kila ziwa likigawanyika huwa kijani? Hapana. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na upepo haufiki sakafuni. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kuwa joto la dunia limekaza tabaka zake, na mbolea inabaki imefungiwa chini. Huko mwani umepungua, na dagaa hutegemea chakula kianziacho kwenye mwani. Jambo lile lile, madhara kinyume!

Neno moja kwa wazazi wanaoteka maji ziwani. Baadhi ya mwani wa kijani-buluu una sumu idhuruyo ini. Kuchemsha huua vijidudu vya kuhara, lakini sumu hiyo haiharibiki kwa kuchemshwa, na chembe zikipasuka sufuriani humwaga sumu yote majini. Maji yenye utando wa kijani yasitekwe kabisa, wala ng'ombe wasinyweshwe hapo, hata kama jirani amekuwa akiyachemsha siku zote.