SOMO: MPAPAI WA HAWAII ULIVYOKINGWA NA VIRUSI



Twasikia mara kwa mara khabari za miti iliyobadilishwa asili yake na mabingwa ili isipate maradhi. Yafaa tujue jambo hili lilivyokuwa kwa wakulima wa mapapai wa Hawaii, huko Marekani.

Maradhi yenyewe. Huletwa na virusi, ambavyo ni vidogo mno hata havionekani kwa macho. Vidukari hufyonza utomvu wa mti mgonjwa, kisha huruka na kuvipeleka kwenye mti mzima. Majani hupiga manjano, tunda hutoka alama za duara, na mti hudumaa. Dawa ya kuuponya hapana. Katika miaka ya 1950 maradhi haya yaliharibu kilimo cha mapapai katika kisiwa cha Oahu, na kilimo hicho kikahamia Puna, katika kisiwa kikubwa cha Hawaii.

Kinga ilivyopatikana. Puna ilikaa salama miaka mingi, kwa kuwa watu wa serikali walikagua mji wa jirani wa Hilo na kukata mipapai iliyougua. Lakini Bwana Dennis Gonsalves, mzaliwa wa Hawaii na bingwa wa Chuo Kikuu cha Cornell, hakungoja balaa ifike. Tangu miaka ya 1980 yeye na wenziwe walichukua jeni moja tu ya virusi hivyo, ile itengenezayo ganda lake, wakaiingiza katika mpapai kwa chombo mfano wa bunduki. Mpapai wa namna hiyo huvitambua virusi vinapoingia, ukavizuia visizaane.

Mwaka 1992 miti hiyo ilikuwa tayari katika shamba la majaribio Oahu. Mwezi wa Mei mwaka ule ule virusi vikaonekana Puna! Kufika 1998 mavuno yalikwisha shuka karibu nusu. Mwaka huo wakulima waligawiwa bure mbegu ya aina iitwayo Rainbow, wakapanda upya.

Mipaka yake. Kwanza, Rainbow hustahimili virusi vya Hawaii. Vya nchi nyingine, kama Taiwan, huweza kuushinda. Pili, Japani haikulikubali tunda hilo mpaka 2011, basi waliouza huko iliwalazimu kuendelea na mipapai ya zamani. Tatu, kinga hii ni ya virusi. Maradhi ya kufa ghafla kwa mikarafuu yetu huletwa na kuvu, kwa hiyo tusiitazamie itufae huko.

Funzo letu. Kinga ilitafutwa wakati mashamba ya Puna yangali mazima, na kukata miti migonjwa ndiko kulikowapa mabingwa nafasi ya kuimaliza kazi. Basi mwanachama aonaye mti umeugua asiufiche kwa kuona haya wala kwa kuuonea huruma. Amwite bwana shamba siku hiyo hiyo, na akiambiwa aukate, aukate. Mti mmoja uliofichwa ni hasara ya jirani zake wote.