Vazi la Mgeni wa Harusi

Maandiko ya kusoma: Waamuzi 14:10-20, Mathayo 22:1-14, Luka 14:7-11, Yakobo 2:1-4

Shule zikifungwa Agosti na Desemba, harusi huwa nyingi. Mwaliko ukifika nyumbani, swali la kwanza ni hili: nitavaa nini? Wengine wanalicheka, wanasema Mungu anaangalia moyo. Ni kweli, anaangalia moyo. Lakini kuna dada atakayekosa harusi ya mwenzake wa maombi kwa sababu ya nguo tu. Kuna baba atakayegusa pesa za karo ili familia ivae sare. Hapo si jambo dogo tena. Hebu tuone Neno linatufundisha nini.

1. Harusi ina wenyewe

Katika Luka 14, Yesu aliona wageni wakichagua viti vya mbele. Akawafundisha kwa mfano wa harusi: ukialikwa, usikimbilie kiti cha heshima, usije ukaondolewa hapo mbele ya watu. Sasa, hata nguo inaweza kukaa kiti cha mbele kabla mwenyewe hajaketi. Ukiingia na watu wote wakageuka kukutazama wewe badala ya bibi harusi, umechukua kiti ambacho hukupewa.

Ndiyo maana wageni humwachia bibi harusi rangi nyeupe. Biblia haijaamuru bibi harusi avae nyeupe. Desturi hiyo ilienea sana baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa na gauni jeupe mwaka wa 1840, na ikatufikia sisi pia. Lakini dada yetu ameingoja siku yake. Upendo unatosha kutufanya tuchague rangi nyingine. Na kama wasimamizi wa harusi wana rangi yao, usiivae bila kuuliza kamati.

2. Nguo isigeuke deni

Samsoni alifanya karamu ya harusi huko Timna, siku saba, akapewa vijana 30 wa kukaa naye. Akawatolea kitendawili, na dau likawa nguo: mavazi 30 ya kitani na mavazi 30 ya kubadilisha. Vijana waliposhindwa kukitegua, walimtisha bibi harusi kwamba watamchoma moto pamoja na nyumba ya babake. Wakamuuliza kama waliitwa ili wafanywe maskini. Mwishowe Samsoni alilipa dau kwa nguo za watu 30 aliowaua Ashkeloni, na mkewe akapewa mwanamume mwingine. Karamu ilianza kwa furaha, ikaishia kwa damu.

Wapendwa, swali la wale vijana bado linaulizwa leo, ila kimoyomoyo. Kamati imetangaza sare ya kitenge. Kuna pesa za kitambaa, pesa za fundi, nauli, na mchango wa harusi wenyewe. Mtu anachukua mkopo wa simu. Jumamosi picha zinapendeza. Wiki inayofuata ujumbe wa deni unaingia. Je, tulimwita aje ashangilie, au aje awe maskini?

1 Timotheo 2:9 tunapenda kuitumia kwa nguo fupi peke yake. Soma tena. Paulo anataja pia dhahabu, lulu na nguo za bei kubwa. Kumbe hata gauni refu linaweza kukosa kiasi!

Fanya hivi: chukua nguo nzuri uliyo nayo, ifue, ipige pasi. Ongeza kitambaa cha kichwa au tai ya rangi iliyotajwa. Azima kwa dada yako. Nguo ya mitumba iliyorekebishwa vizuri na fundi haina aibu yoyote. Nanyi wa kamati, chagueni rangi ambazo watu tayari wanazo, tangazeni mapema, na mseme wazi kwamba sare si lazima.

3. Vazi lifae mahali na shughuli

Ibada ya ndoa ni ibada. Kabla ya siku yenyewe, vaa nguo nyumbani: keti, inama, inua mikono juu kama wakati wa sifa. Ikikulazimu kuivuta kila mara, tafuta nyingine. Hili si la kina mama pekee. Hata kijana mwenye suruali ya kubana ajijaribu. Karamu ikiwa kwenye hema shambani, kiatu cha kisigino chembamba kitazama kwenye nyasi. Ikiwa ni sherehe ya posa, uliza wenyeji wanavaa nini. Mara nyingi kitenge au vazi la jamii yao huwapa wazee heshima kuliko suti.

4. Usimzuie mtu mlangoni

Wengine wanatumia Mathayo 22, yule mtu asiye na vazi la arusi, kumwaibisha aliyevaa duni. Lakini wageni wale waliokotwa njia panda, wabaya kwa wema. Mfalme alipomuuliza yule mtu, hakusema kwamba hana uwezo, alinyamaza. Mfano ule unahusu ufalme wa mbinguni na mtu anayeudharau. Si kipimo cha bei ya viatu. Kwa habari ya viatu tuna Yakobo 2: ukimkalisha mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri na maskini ukamwambia asimame kule, umekuwa mwamuzi mwenye mawazo mabaya. Wahudumu wa mlangoni, asiye na sare asipelekwe nyuma.

Warumi 12:15 inatutaka tufurahi pamoja na wanaofurahi. Huwezi kufurahi pamoja nao ukiwa umejifungia nyumbani kwa sababu ya gauni. Njoo na ile uliyo nayo, safi. Na wewe mwenye nguo tatu kabatini, kabla ya harusi ijayo mpigie simu mwenzako umuulize kama amepata ya kuvaa.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni gharama gani za harusi zinazowafanya washirika wetu wakose kuhudhuria?
2. Tunawezaje kuazimana nguo bila kumwaibisha mtu?
3. Mara ya mwisho ulipochagua nguo ya harusi, ulimfikiria nani kwanza?

Maombi: Bwana Yesu, wewe ulikubali mwaliko wa harusi Kana. Tufundishe kuwaheshimu wanaooana, kuishi ndani ya uwezo wetu, na kumkaribisha kila mgeni kama ulivyotukaribisha sisi. Amina.